Nondo wa Dirisha la Jikoni

Kwenye matanga ya Papa Anselme, mwezi uliopita, nilikalishwa chini ya turubai katikati ya watu nisiowajua, na mwanamke mmoja aliyevaa kitenge cha kijani akaja akasogeza kiti chake cha plastiki hadi kikagusana na changu. Hakunisalimu. Alilitazama ziwa kwa muda, maana matanga yalifanyika Himbi, mtaa wa hapa Goma, kwenye nyumba ya binti wa marehemu, na bustani yake inateremka hadi karibu na maji. Kisha akasema, "Kavira, umenona." Nikacheka katikati ya msiba, na wazee wawili wakageuka kunitazama. Alikuwa Riziki. Tulikaa hapo mpaka jua likageuka, bila kuzungumza mengi, tukila wali na maharagwe kwenye sahani moja kwa sababu sahani zilikuwa hazitoshi. Mjukuu mmoja wa marehemu, msichana mwenye adabu, alikuja kutuuliza, "Bamama, mulijuanaje na muzee?" Riziki alimeza kwanza. "Juu ya kipepeo moja ndogo tu," alisema. "Hata rangi haina." Msichana akatabasamu akidhani ni utani, akaenda zake. Mimi nilibaki na kijiko mkononi, na harufu ya nafutalini ikanijia puani, ingawa hapakuwa na nafutalini yoyote mahali pale.

Sitasimulia nilizaliwa wapi wala wazazi wangu walikuwa akina nani. Inatosha kusema kwamba nilitoka Butembo nikiwa na miaka kumi na tisa, nikiwa na diplome ya Leta ya kumaliza sekondari na mkono unaojua kuchora, na kwamba mtawa mmoja aliyenifundisha aliandika barua kwa mwalimu mzee wa biolojia aliyekuwa akitafuta mtu wa kumchorea wadudu. Mwalimu huyo ndiye Papa Anselme. Alikuwa amestaafu. Ofisi moja ya mazingira ilikuwa imepanga nyumba kubwa Himbi, nayo ilimpa chumba cha nyuma ya parseli, yaani mwisho wa kiwanja, kile tulichokiita aneksi, ili aendelee na kazi yake ya kuwatambua nondo wa msitu. Alikuwa mrefu, mwenye suruali zilizopigwa pasi kila siku, na alikuwa na tabia ya kukisogeza kichwa pembeni kila alipotaka kukuona vizuri, kama kuku anavyotazama punje. Nilidhani ni mapozi. Ilinichukua wiki tatu kuelewa kwamba macho yake yalikuwa yanamwacha, na kwamba ndiyo sababu alinihitaji.

Aneksi ile naikumbuka kuliko nyumba yoyote niliyoishi baadaye. Ilikuwa na dirisha moja lenye wavu, meza ndefu ya mbao, makasha ya wadudu yaliyopangwa mpaka darini yakinuka nafutalini, na mabokali ya kioo ya jamu na ya mayonezi yaliyofunikwa vitambaa na kufungwa kwa uzi. Ndani ya mabokali kulikuwa na majani na viwavi. Asubuhi, kabla ofisi haijaanza kelele zake, ukikaa kimya uliweza kuwasikia wakila. Ni sauti ndogo sana, kama mvua inayoanza kwa mbali juu ya shamba la mahindi, na mara nyingi nilijikuta nimeegemeza shavu kwenye mkono, penseli imelala, ukungu wa ziwa umeingia mpaka dirishani, sijui kama nimekaa dakika tano au saa nzima. Hakuna aliyenigombeza. Papa Anselme mwenyewe alikuwa hivyohivyo upande wa pili wa meza. Sasa nafundisha sekondari hapa Goma, darasa langu lina wanafunzi wengi kuliko madawati, na ninapomwona mtoto ameduwaa akitazama dirishani huwa naendelea kwanza na somo kabla ya kumwita jina.

Jikoni kulikuwa ng'ambo ya ukuta. Ukuta wenyewe ulikuwa wa mbao zilizopishana vibaya, kwa hiyo tuliishi na harufu zote za Riziki na nyimbo zake zote, naye aliishi na mazungumzo yetu. Aliwapikia watu wa ofisi chakula cha mchana: bugali na sombe ya majani ya muhogo, maharagwe na viazi, na siku za kheri sambaza, wale samaki wadogo wa ziwani, aliowakaanga mpaka wakalia chini ya meno. Watu wa ofisi wakishakula, alibeba sahani yake na yangu tukakaa kwenye kizingiti cha mlango wa jikoni. Alikuwa amenizidi mwaka mmoja, lakini aliniita Dada kwa sababu ya ile diplome. Yeye aliishia darasa la sita. Kwao kulikuwa Masisi. Alinisimulia milima yenye majani mororo, ng'ombe wakitokeza kwenye ukungu kichwa kwanza, na jibini zilizopangwa kwenye rafu za mbao zikinuka vizuri na vibaya kwa pamoja. Nilikuwa nikimsikiliza nikiwa nimefumba macho. Sikumwuliza hata mara moja kwa nini hakurudi huko.

Nondo wa Papa Anselme, yule aliyemnyima usingizi, hakuwa na uzuri wowote. Alikuwa mdogo kama ukucha wa kidole gumba, wa kahawia, na tofauti na nondo wengi aliruka mchana, akiyumbayumba kuzunguka mashina ya miti kama mtu anayetafuta funguo. Alipatikana kwenye kipande cha msitu karibu na Rumangabo, hasa palipo na mti ambao majirani zetu wanaosema Kinyarwanda wanauita umusave, wenye maua ya njano na maganda marefu ya mbegu. Papa Anselme alikuwa amewakusanya kwa miaka minane. Kasha zima lilikuwa limejaa, mistari kwa mistari, na wote walikuwa madume. Alinionyesha jinsi ya kuwajua: vipapasio vyao vilikuwa kama manyoya ya ndege, vipana, vya kunusia. "Dume bila jike haiwezekane," aliniambia siku ya kwanza, akipigapiga kioo cha kasha. "Jike iko mahali. Labda mimi ndiye siione." Alitaka kumwelezea nondo huyo kikamilifu, kutoka yai hadi yai, na kuyapeleka maandishi kwa wataalamu. Lakini hakujua kiwavi wake yukoje, wala jike wake yukoje, na bila hao alikuwa na nusu ya kisa.

Tulikwenda Rumangabo siku moja ya Jumanne na gari la ofisi. Riziki alikuja pia, kwa sababu dereva alisema hawezi kushinda porini bila chakula cha moto. Nakumbuka mwanga wa kijani uliotuangukia, ardhi nyeusi ya lava iliyofunikwa na kuvumwani laini, na ukimya mzito uliokuwa na wadudu ndani yake. Nilitembea kama niliyelala. Ndipo nilipomwona kiwavi kwenye jani la umusave: kichwa chekundu, mashungi mawili marefu meusi mbele kama pembe, na mgongoni vifungu vinne vya manyoya ya njano vilivyokatwa sawasawa kama brashi ya meno. Nilinyosha mkono. "Dada, acha!" Riziki alipiga kelele. "Kinyabwoya ile, itakuwasha mpaka kesho." Alikata tawi zima kwa kisu chake cha jikoni, akaliweka ndani ya sufuria tupu na kufunika. Tulipata viwavi wengi siku ile. Papa Anselme aliinamisha kichwa pembeni juu ya sufuria na kusema hajui kama ni wenyewe. Ilibidi tuwalee tuone watakuwa nini.

Niliwalea miezi miwili. Kila asubuhi nilibadilisha majani, nikafuta mavi yao madogo kama pilipili manga, nikachora. Walijivua ngozi mara kadhaa, na kila mara walitoka wakubwa zaidi na wenye manyoya mapya yenye kung'aa. Kisha, mmoja baada ya mwingine, waliacha kula, wakatafuta pembe ya tawi na kuanza kujisokotea vifukofuko vya uzi wa kijivu, wakichanganya humo manyoya yao wenyewe. Aneksi ikanyamaza. Ile mvua ya mbali ikakoma, na mimi nikaikosa. Siku ya tisa au ya kumi, kifukofuko kimoja kilipasuka, akatoka nondo mdogo wa kahawia mwenye vipapasio vya manyoya. Papa Anselme alikaa chini. "Ni yeye," alisema. "Kavira, ni yeye." Wakatoka wengine, na wote madume. Wale waliozidi mahitaji ya kasha niliwaachia bustanini.

Lakini vifukofuko vilivyokuwa vikubwa zaidi, karibu nusu ya vyote, havikutoa nondo. Juu ya kila kimoja nilikuta kitu kama kijifuko cha sufu ya kijivu, kinene, chenye miguu, kimejishikiza palepale bila kusogea. Hakikuwa na mabawa, ila vigutu viwili mabegani. Nilijua ni nini, au nilidhani najua: walikuwa nondo walioharibika. Kuna siku mbili nilisahau kubadilisha majani, nilikuwa nasoma barua ya nyumbani, na majani yakakauka. Sasa haya ndiyo matokeo. Niliona haya. Papa Anselme alikuwa akiniuliza kila asubuhi, "Jike bado?" nami nikajibu, "Bado, Papa," na mchana nikakusanya vile vijifuko pamoja na vifukofuko vyao na kuvitupa kwenye kapu la maganda ya viazi nyuma ya jikoni. Vichache tu nilivificha kwenye bokali chini ya meza, sijui kwa nini.

Asubuhi iliyofuata nilikuwa nachora nikasikia sauti ya Riziki kupitia mbao. Hakuwa anaimba. "Dada Kavira. Kuya uone kitu huku." Nilikwenda nikiwa na penseli sikioni. Kwenye kizingiti cha dirisha la jikoni, kati ya chumvi na kibiriti, alikuwa ameegemeza kijitawi chenye kifukofuko kimoja na kile kijifuko cha kijivu juu yake. "Niliiokota kwa kapu jana," alisema. "Ilikuwa inapumua. Nikasema, mutu hawezi kutupa kitu inapumua." Na kwenye dirisha, nje na ndani, walikuwa nondo wa kahawia, watano, saba, wakiyumbayumba kama wale wa msituni. Dirishani hapakuwa na taa ya kuwavuta. Walikuja moja kwa moja kutoka bustanini, kutoka kwa wale niliowaachia. "Tangu asubuhi wanakuya tu," Riziki alisema. "Wanamutafuta huyu. Nafikiri huyu njo mwanamuke wao." Mmoja alitua juu ya kile kijifuko, akakunja mabawa, akatulia. Tulisimama tumegusana mabega tukitazama. Moshi wa makaa ulikuwa unapita kwenye mwanga wa jua, sufuria ilikuwa inachemka, na nilielewa kila kitu kwa mara moja: jike hana mabawa. Haondoki kamwe juu ya kifukofuko chake. Anabaki pale, anaita kwa harufu, na dume anamfuata.

Nilikimbia. Papa Anselme alikuwa barazani na kikombe cha chai. "Papa, nimepata jike!" Alisimama ghafla na chai ikamwagikia suruali yake iliyopigwa pasi. "Wapi?" "Kwa dirisha ya jikoni. Haina mabawa, Papa. Niliona madume yanakuya..." Nilisema mimi, mimi, mimi, njia yote kutoka barazani hadi jikoni. Sikupanga kusema uongo. Maneno yalitoka tu yakiwa na umbo hilo, na kila moja lilipotoka lilifanya lile linalofuata kuwa rahisi. Riziki alikuwa bado amesimama dirishani. Papa Anselme alimwambia, kwa upole kabisa, "Mama, sogea kidogo, unaziba mwanga," naye akasogea.

Mzee alitazama kwa lupu, kile kioo chake cha kukuza, kwa muda mrefu, kichwa pembeni, akasema tumwache palepale. Kisha alikwenda aneksi, akavuta kasha la chini kabisa ambalo sikuwahi kulifungua, akaliweka mezani. Ndani mlikuwa na vijifuko vya kijivu vilivyokauka, alivyookota mwenyewe kwenye mashina ya umusave mwaka baada ya mwaka, na kikaratasi chenye mwandiko wake: mdudu asiyejulikana. "Miaka minane," alisema. "Walikuwa hapa ndani, karibu na mabwana zao." Alicheka, kisha akavua miwani na kufuta macho. Alinipa kaye, daftari lake la kazi, na kunisomea cha kuandika, kwa sauti kubwa, kama alivyozoea darasani. Aliposema, "Jike bila mabawa, aliyegunduliwa na Mademoiselle Kavira," ng'ambo ya mbao kijiko kiliacha kukwangua sufuria. Nilikisikia kilivyoacha. Niliandika sentensi hadi mwisho, nikaweka nukta.

Mchana ule Riziki aligonga mlango wa aneksi, jambo ambalo hakuwahi kulifanya. "Madame, chakula iko tayari." Nilidhani anatania. Nilikwenda kwenye kizingiti na kumkuta anakula akiwa amesimama ndani, mgongo kwangu. Siku ya pili vilevile. Hakuwa na ukali. Alinipa nyanya nyingi kama kawaida, aliniuliza kama chumvi inatosha. Lakini lile neno Madame lilikuwa kama mlango uliofungwa taratibu, na hadithi za Masisi zikaisha. Nilijiambia kwamba yeye ni mpishi na hajali mambo ya kaye. Nilijiambia pia kwamba Papa Anselme ameahidi kuniandikia barua ya kuniombea nafasi ya chuo kikuu Kisangani, na barua hiyo inahitaji kitu cha kusema. Mtu wa miaka kumi na tisa anaweza kuishi vizuri kabisa juu ya sababu mbili kama hizo, kwa wiki moja, hata mbili.

Kisha likaja suala la mayai. Papa Anselme alikuwa na siku ya kuonana na daktari wa macho Kampala. Angepitia mpaka wa Bunagana na jamaa yake mfanyabiashara. Nilimsikia akiongea na binti yake barazani. "Daktari anasema watajaribu," alisema. "Anasema pia inaweza kuzimika kabisa." Binti yake akamwambia aende mara moja, hata kesho. "Hapana," alisema. "Ningoje kwanza niwaone watoto wakitoka. Nikishaona ile, basi." Alikuwa na swali lililomkereketa kuliko yote, na alinirudia nalo kila siku: ikiwa mama hana mabawa na anafia juu ya kifukofuko chake, watoto wanafikaje kwenye miti mingine? Kwa nini mti mmoja haujajaa na mingine yote kuwa mitupu? Nilimhakikishia atawaona. Nilikuwa na wale majike niliowaficha kwenye bokali, na walikuwa wameshataga mayai meupe, ya mviringo, juu ya vifukofuko vyao, na kuyafunika na sufu ya matumbo yao.

Nilisubiri. Siku zikapita, na mayai yangu yakaanza kubonyea. Yakakunjamana kama maharagwe ya zamani. Nilikaa nikiyatazama asubuhi moja, ziwa limetulia nje kama sahani, na nikajua nilichofanya: bokali lilikuwa limefungwa kitambaa tangu mwanzo, vizuri sana, kwa sababu ya sisimizi. Hakuna dume aliyewahi kuingia. Mayai yale hayakuwa na kitu ndani. Na madume wote walikuwa wamekwisha kufa, maana wanaishi siku chache tu. Zilibaki siku nne kabla ya safari ya Bunagana.

Riziki alikuwa anachambua sambaza kwenye ungo. Nilisimama mlangoni. Kizingiti cha dirisha kilikuwa kitupu, chumvi na kibiriti tu.

"Riziki."

"Ndiyo, Madame."

"Ile kifukofuko ya dirisha. Uliitupa?"

Hakuinua kichwa. "Wewe njo unatupaka. Mimi situpake."

Aliosha mikono, akaikausha kwenye kitenge, akapanda kwenye kigoda na kuteremsha kopo la maziwa ya unga kutoka rafu ya juu, nyuma ya sukari. Alikuwa ametoboa matundu kwenye kifuniko. Ndani mlikuwa na kijitawi, mama aliyekauka na kuwa mdogo kama kipande cha uzi, na chini yake mayai, mengi, yaliyofunikwa na sufu. Hayakuwa meupe. Yalikuwa meusi. "Ilikuwa mweupe, ikabadilika tangu juzi," alisema. "Nilifikiri imeoza, lakini haitoe harufu." Nilijua maana ya ule weusi, ni vichwa vya viwavi vinavyoonekana kupitia ganda. Nilinyosha mkono kulipokea kopo. Akalirudisha kifuani.

"Hapana. Nitaipeleka mimi mwenyewe."

"Sawa."

"Na wewe utasema."

Nilimwambia kuhusu barua ya Kisangani. Ndiyo, nilimwambia hivyo, nikiwa nimesimama jikoni kwake. Nimezeeka na bado nasikia joto usoni ninapoandika haya. Alinisikiliza mpaka mwisho. "Mi sikukutaka uninunulie kitu, Kavira," alisema. "Sikutaka hata ile kaye. Lakini mi nilikuita juu uko dada yangu. Nikakuita uone. Ukaenda mbio ukaniacha hapa kama kuni." Halafu akabeba kopo lake, akatangulia.

Papa Anselme alikuwa mezani. Nilisema yote, nikianzia na majani yaliyokauka, kisha kapu la maganda, kisha dirisha. Nilisema kwa Kifaransa kwanza kwa sababu kilinificha kidogo, na Riziki akasema, "Sema na Swahili," nikarudia kwa Kiswahili. Nilipomaliza mzee alimgeukia Riziki, kichwa pembeni, akimtafuta kwenye mwanga.

"Jina yako yote ni nani?"

"Riziki Mapendo."

"Miaka tatu nakula chakula yako," alisema polepole, "na sijawahi kukuuliza." Alinisogezea kaye. Nilichukua kifutio, naye akakisikia kikigusa karatasi. "Usifute. Piga mustari tu, na andika chini yake. Mutu akisoma aone tulikosea." Nilipiga mstari juu ya jina langu. Chini yake niliandika la Riziki, kwa herufi ambazo mpaka leo zinaonekana za mtoto.

Barua ya Kisangani aliniandikia, siku hiyohiyo jioni. Ilisema kwamba nachora vizuri sana, kwamba nina subira na wanyama wadogo, na kwamba huchelewa kusema ukweli lakini huusema. Walinipokea chuoni kwa barua hiyohiyo. Riziki aliacha jikoni mwaka uliofuata akawa msaidizi wa Papa Anselme, kisha akawa zaidi ya msaidizi. Wageni waliokuja kuuliza habari za nondo wa Rumangabo walielekezwa kwake, na yeye ndiye aliyewapeleka msituni, kwa miaka mingi, kila mara njia ilipokuwa inapitika. Hakunisamehe kwa siku moja wala kwa neno moja. Aliacha kuniita Madame, lakini neno Dada halikurudi. Tangu siku ile ananiita Kavira tu, na nimejifunza kulipenda jina langu likitoka kinywani mwake.

Viwavi wa kopo la Riziki walitoka siku moja kabla ya safari ya mzee. Ilikuwa asubuhi, ukungu bado umelalia bustani, na Riziki aliingia aneksi bila kugonga, kopo mikononi. "Papa, wanatoka." Tuliweka kijitawi kwenye chupa, karibu na dirisha, na nikaondoa wavu. Papa Anselme aliinama na lupu. Aliinama muda mrefu, akageuza kichwa huku, akageuza kule. Kisha akainuka. "Naona kama moshi," alisema. "Kitu inatembea, kama moshi mweusi. Zaidi ya hapo sioni." Nilinyosha mkono kupokea lupu, kwa mazoea, na yeye akaipitisha mbele yangu, akampa Riziki. "Uniambie," alimwambia. "Kila kitu. Na wewe, Kavira, andika."

Nilichukua biki. Riziki alifumba jicho moja kama fundi saa. Alisema wako wadogo kuliko ulezi, weusi, na nywele zao zimepita miili yao kwa urefu. Alisema wanakula maganda ya mayai yao. Mimi nilianza kuyageuza kuwa Kifaransa kizuri cha kaye, na Papa Anselme, aliyejua sauti ya kila neno kwenye karatasi, akasema, "Usigeuze. Andika vile anasema." Basi nikaandika vile alivyosema. Wanapanda, alisema. Wote wanapanda juu, kwa ncha ya tawi. Wanasongamana pale. Kisha akanyamaza, na mzee akashika ukingo wa meza kwa mikono miwili.

"Moja imeanguka," alisema Riziki. "Hapana. Ngoja. Haikuanguka. Iko inaning'inia. Iko na uzi, Papa, uzi ndogo sana, siione, naona tu inang'aa." Upepo kidogo ulikuwa unaingia kutoka ziwani, niliuhisi kwenye vidole. "Upepo inamusukuma. Uzi inakuwa murefu. Inakuwa murefu..." Akainua uso kutoka kwenye lupu na kutazama juu, hewani, kati yetu na dirisha. "Amekwenda. Upepo imemubeba. Na huyu naye. Na huyu. Papa, wanaruka bila mabawa!"

Papa Anselme alicheka kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwake, sauti ya kijana. "Njo vile," alisema, "njo vile," na machozi yakamtiririka bila yeye kujishughulisha kuyafuta. Riziki alikuwa bado anasema, nami nikiandika, habari za wale waliobaki: wanapanda kwa ncha, wanatoa uzi, wanangoja sana upepo. Akaniomba nimsomee nilichoandika, chote, tangu mwanzo. Nikasoma. Nilipofika kwenye sentensi ya mwisho nilisoma, "Wanapanda kwa ncha, wanatoa uzi, wanangoja upepo," na Riziki, jicho likiwa limesharudi kwenye lupu, akanisimamisha.

"Umeruka neno," alisema. "Nilisema wanangoja sana."

Nikaliandika.